Mstari wa kabila katika dodoso la mwanafunzi

Kila mwaka mvua zinapokatika na njia za vijijini kupitika, wanafunzi wa vyuo vya Iringa na Mbeya huenda uwandani na barua za utambulisho mkononi, wakianzia kwa mtendaji wa kijiji kabla ya kupiga hodi nyumba kwa nyumba. Wengi wao, hasa wa sosholojia, historia, fasihi na sanaa za maonyesho, wanatafiti mambo mazito: utambulisho wa watu, tofauti za kipato na hadhi, na migogoro inayozaliwa humo. Katika ukurasa wa kwanza wa dodoso, chini ya umri na jinsi, mara nyingi utakuta neno "Kabila" likifuatiwa na nukta nyingi za kujaziwa. Kwa miaka kadhaa nimejiuliza kama mstari huo unastahili kuwapo, na jibu langu limebadilika zaidi ya mara moja.

Wanaoupinga wana hoja nzito. Sensa ya 1967 ndiyo ya mwisho iliyouliza kabila na dini Tanzania Bara, na zote zilizofuata, kuanzia ya 1978 hadi ya 2022, zimeyaacha maswali hayo kwa makusudi. Taifa lenye makabila zaidi ya 120 lilichagua kutojihesabu kwa makabila, na amani tuliyoizoea imejengwa kwa sehemu juu ya uchaguzi huo. Lakini hoja inayonigusa zaidi ni ya kitaaluma: ukimuuliza mtu kabila kabla ya jambo jingine lolote, umekwisha kumwonyesha jibu unalolitafuta.

Mfano ulio wazi ni Mbarali, wilaya ya mkoa wa Mbeya. Bonde la Usangu lina mpunga, malisho, ardhioevu ya Ihefu na maji yanayoingia Ruaha Mkuu hadi kwenye mitambo ya umeme ya Mtera na Kidatu. Mwaka 2006 na 2007 wafugaji wengi waliondolewa humo pamoja na mifugo yao, na mwaka 2008 Hifadhi ya Taifa ya Ruaha ikapanuliwa kuingiza eneo hilo, hatua iliyowagusa pia wakulima wadogo. Katika miaka hiyohiyo mashamba makubwa ya mpunga yaliyokuwa ya umma yaliuzwa kwa wawekezaji. Mgogoro huu una pande nyingi: mkulima mdogo, mfugaji, mwekezaji, hifadhi na umeme wa taifa. Mwanafunzi mwenye safu ya kabila katika jedwali lake hurudi chuoni na sura yenye kichwa cha Wasangu wenyeji dhidi ya Wasukuma wafugaji, na nani anafungulia maji mferejini, kwa zamu ya nani, hakuna tena anayeuliza.

Niliwahi kuongozana na mwanafunzi niliyekuwa nikimsimamia hadi kijiji kimoja karibu na Igurusi. Mzee aliyetupokea alikaa juu ya gunia la mpunga, akatueleza habari za mavuno na bei kwa furaha. Mwanafunzi alipofika kwenye mstari ule, mzee alinyamaza, akamtazama mtendaji aliyekuwa amesimama mlangoni, kisha akasema, "Mmeanza tena?" Maswali yote yaliyofuata aliyajibu kwa neno moja moja. Niliona aibu, kwa kuwa dodoso lile nililipitisha mimi.

Hata hivyo, kunyamaza nako kuna watu wanaolipia gharama yake. Kwa miongo mingi nyumba za Dar es Salaam zimetafuta "binti wa kazi wa kutoka Iringa", na kwa "Iringa" hiyo walihesabiwa pia Wabena na Wakinga wa Njombe, ambayo ilikuwa haijawa mkoa hadi mwaka 2012. Katika vichekesho vya runinga, msaidizi wa nyumbani mara nyingi hupewa lafudhi ya kusini ili watu wacheke kabla hajasema lolote. Dharau hiyo ina historia. Utawala wa kikoloni uliifanya sehemu kubwa ya nyanda hizi za juu kusini kuwa ghala la vibarua, na wanaume wakasafirishwa kwenda kwenye mashamba ya mkonge kama manamba. Mwanafunzi wa sanaa anayetaka kueleza kwa nini lafudhi ile inachekesha hawezi kulikwepa kabila, kwa sababu ubaguzi wenyewe unatumia jina hilo.

Ndivyo ilivyo pia kwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, ambaye wanafunzi wa maigizo wa Iringa hawamchoki. Ushindi wa Lugalo mwaka 1891, kifo chake Julai 1898, fuvu lake lililorudishwa Kalenga, ngome yake, mwaka 1954: hiyo ni simulizi ya ushujaa, na ni ya kweli. Lakini Wasangu wa chifu Merere, waliokuwa wamesukumwa na Wahehe hadi Usafwa, karibu na Mbeya, walisimama upande wa Wajerumani. Kijana wa Kalenga akiigiza Merere kama msaliti, na kijana wa Rujewa, Usangu, akiwa ameketi kati ya watazamaji, kuficha majina ya makabila hakumsaidii yeyote kati yao kuelewa kwa nini babu zao walichagua walivyochagua.

Kwa hiyo naona neno hilo liondolewe ukurasa wa kwanza, lakini lisifukuzwe kwenye utafiti. Mahali pake paulizwe ulifika hapa lini, ulitoka wapi, shamba lako ni ekari ngapi, maji unayapata kwa nani. Wenzangu wa takwimu husema kwamba bila safu ya kabila hatutajua ni kundi gani linanyimwa ardhi, na nakiri kuwa hiyo ni hasara ya kweli. Anayechunguza ubaguzi wenyewe, kama yule wa mabinti wa kazi, aulize, lakini baada ya kuaminiwa, na aeleze kwa nini anauliza. Zaidi ya hapo, aliyejibu ana haki ya kusoma kilichoandikwa juu yake. Tasnifu nyingi huandikwa kwa Kiingereza na kubaki maktabani. Kurasa 4 za Kiswahili zikiachwa ofisi ya kijiji zingetosha kuanzia.

Mwanafunzi wangu alirudi kwa mzee yule wiki iliyofuata, mstari ukiwa umefutwa, akamuuliza tu alifikaje Usangu. Mzee alizungumza tangu asubuhi hadi jua la utosini: jinsi alivyokuja na ng'ombe, jinsi alivyowauza baadaye na kujifunza kulima majaruba, na jinsi alivyooa binti wa hapo. Kabila lake alilitaja mwenyewe, bila kuulizwa, alipofika kwenye habari ya mahari.