Nimelipa Nianguke, Bado Naketi

Wanaume wa rika langu wakianza kuota mvi hununua pikipiki au huoa mke wa pili. Mimi nikaenda Diani kujifunza kuruka kutoka kwenye ndege kwa mwavuli. Mama Zuhra hadi leo anasema afadhali ningeoa, angalau angepata wa kumsaidia vyombo. Ada sitaitaja hapa, maana na yeye anasoma.

Watu huniuliza kama naogopa kuanguka. Jamani, kuanguka kwenyewe hakufiki hata dakika! Unatoka mlangoni futi 12,000, unashuka kwa kasi ya kama kilomita 190 kwa saa, ukifika futi 5,500 unavuta, basi. Kinachoniua ni kungoja. Nimeshabanana kwenye feri ya Likoni, nimeshakunjwa kwenye matatu ya Ukunda, nafika naonyeshwa kiti cha plastiki: kaa hapo, upepo. Wanafuata mwongozo wa Marekani, na huko mwanafunzi haruki upepo ukizidi maili 14 kwa saa. Wenye leseni wanapanda wanashuka, wanapanda wanashuka, mimi nimekodolea macho soksi ya upepo pale mlingotini, imesimama dede. Mzee mmoja mvuvi alipita na dema lake begani, akaniuliza nangoja nini. Nikamwambia nangoja upepo utulie. "Mwezi wa saba huu, na kusi hii?" Alicheka mpaka akalitua dema chini.

Na usidhani ukingoja unapumzika. Kuna fomu za kutia sahihi ukurasa kwa ukurasa, kwamba ukifa humdai mtu. Kuna mizani, na anayesoma kilo zako ana sauti ya muadhini. Kuna kibao chenye magurudumu unacholalia kifudifudi, mwalimu anakuambia toa kiuno mbele, inua kidevu, tabasamu. Mgongo wangu umezoea kuinama kwenye daftari la dukani. Kupindia upande wa pili haujawahi kuombwa tangu nizaliwe.

Halafu mwavuli wenyewe. Ule wa akiba hufungwa na fundi mwenye cheti chake, na una kidude kinachoufungua chenyewe ukizirai huko juu. Vizuri. Lakini ule mkubwa, ndio nitakaoutegemea kwanza, nikamkuta kijana mmoja ameulalia sakafuni, visikio masikioni, anautoa hewa kwa kifua, anaukunja, anausindika kwenye mfuko kwa magoti huku kitambaa kinamponyoka kila upande. Nikamuuliza, mwanangu, una hakika? Hakunisikia. Alikuwa kwenye kiitikio.

Siku soksi ilipolegea nikavalishwa mikanda. Mikanda ile hupita mahali ambapo mtu mzima hapataji mbele za watu, tena huvutwa ikaze. Natembea kuelekea ndegeni kama niliyetoka jandoni jana. Tukaruka, mwalimu mmoja kanishika kulia, mwingine kushoto. Mashavu yakaniacha, yakaenda zao masikioni. Mkononi nina kitu kama saa, ila hakisemi saa ngapi, kinasema umebakiwa na futi ngapi.

Mara mwalimu wa kushoto akaniwekea vidole viwili mbele ya uso. Kwa adabu niliyolelewa nayo, nikamrudishia viwili. Akaonyesha tena, kwa nguvu. Nikamrudishia kwa nguvu. Kumbe maana yake ni nyoosha miguu, na mimi miguu nimeikunja hadi visigino vinagusa makalio. Darasani nilijibu swali hilo bila kukosea. Darasani hakukuwa na upepo puani.

Nikavuta, mwavuli ukafunguka (Mungu amweke yule kijana na muziki wake), na hapo, nisiseme uongo, nikaiona bahari yote, mwamba ule unaovunja mawimbi, ngalawa ndogondogo. Raha hiyo ikakatizwa na redio kwenye kofia: kulia, kulia, kulia kwako wewe, baba! Nikatua kwa makalio mchangani, mbele ya muuza madafu. Ndege tuliyoiacha juu ilishafika chini kabla yetu. Rubani alikuwa anakula mhogo.

Kwenye kitabu changu mwalimu akaandika maneno mawili: "Miguu. Arudie." Leseni ya kwanza kwa mpango huo wa Marekani inataka miruko 25, na mmoja wangu tayari una kiporo.

Kaunta, binti akaniambia kurudia ni bei ileile. Nikamwomba punguzo: kilichofeli ni miguu tu, mikono imefaulu, kichwa kimefaulu, kwa nini nilipie mwili mzima? Binti akamtazama mwalimu. Mwalimu akainua vidole viwili. Sijui alimaanisha asilimia mbili au nini. Mimi nikanyoosha miguu palepale.