Likizo ya mlimani: chupa ya chuma mkononi, tiketi ya ndege mfukoni

Ukiuliza popote namna ya kwenda likizo mlimani bila kuharibu mazingira, ushauri ni uleule, beba chupa yako ya maji, taka rudi nazo, taulo usibadilishiwe kila siku, taa zima ukitoka chumbani, na mi sina ugomvi na hata kimoja kati ya hivyo. Shida ni kwamba vinawekwa mbele kama ndio habari yenyewe, wakati huyohuyo mwenye chupa ya chuma kapanda ndege kwenda na kurudi kwa ajili ya siku tatu tu za kuteleza kwenye theluji.

Naona watu wanachanganya hesabu mbili ambazo haziendi pamoja. Kuna hesabu ya hewa, yaani kaboni unayoimwaga kwa likizo nzima, alafu kuna hesabu ya mlima wenyewe, maji yake, udongo wake, wanyama wake. Unaweza kufanya vizuri kwenye moja ukafeli vibaya kwenye nyingine.

Kwenye hesabu ya hewa jibu ni safari, hakuna la kuzunguka. Ufaransa walipopima vituo vyao vya skii, yaani vya kuteleza kwenye theluji, waliona zaidi ya nusu ya kaboni inatokana na wageni kuja na kurudi, sio lifti za kamba wala mashine za kutengeneza theluji ambazo ndio kila mtu anazinyooshea kidole. Kwahiyo ukichagua mlima unaofikika kwa treni au basi umeshafanya kazi kubwa kuliko mengine yote utakayofanya ukiwa kule. Uswisi kuna kijiji cha Zermatt, gari la mafuta haliingii, unaliacha Täsch kama kilomita 5 chini ya kijiji na unamalizia kwa treni, ndani vinatembea vigari vya umeme. Pazuri sana, ila hebu tuwe wakweli, mtu aliyetoka bara lingine kwa ndege akamalizia kilomita hizo 5 kwa treni amesaidia wanakijiji wavute hewa safi na wasilale na kelele za injini, lakini kwa dunia nzima ni kama hajafanya kitu.

Wanaoikataa treni nao wana hoja. Treni mara nyingi ni ghali kuliko ndege, na baba na mama wenye watoto watatu, mabegi, buti na skii ukiwaambia wabadilishe treni mara tatu watakucheka. Sawa, ila gari lililojaa watu watano sio sawa na magari matano yenye mtu mmojammoja, na hapa ndio naona wengine wanakuwa wakali bure, gari likishajaa hesabu ya kila kichwa inashuka sana. Kitu kingine ni muda, safari moja ya wiki mbili inachafua kidogo kuliko safari nne fupifupi za kwenda mlima uleule, hilo ni rahisi kulisema kama bosi wako anakupa wiki mbili mfululizo, wengi hawapewi.

Sasa theluji ya mashine, ile ya kupuliza maji yagande, hapa ndio penye moto. Milima ya Alps kule Ulaya imeshapata joto la kama nyuzi 2 tangu mwisho wa karne ya 19, karibu mara mbili ya wastani wa dunia, kwahiyo vituo vya chini havina uhakika wa msimu tena. Wenye vituo wanasema maji tunayoyapuliza hayapotei, theluji ikiyeyuka yanarudi bondeni, na bila mashine kijiji kizima kinakosa kazi, na kwa kweli hawadanganyi. Lakini piga hesabu, mita moja ya ujazo ya maji inatoa kama mita za ujazo mbili hadi mbili na nusu za theluji, hekta moja ukiitandika sentimita 30 unahitaji zaidi ya lita milioni moja, na yanachotwa kipindi cha baridi ambapo mito ya milimani iko chini kabisa, kwahiyo kusema yatarudi mwezi wa nne haimsaidii samaki wa mwezi wa kwanza. La Clusaz, Ufaransa, mpango wa kuchimba bwawa jipya kwa ajili ya hayo maji ulifika mpaka mahakamani 2022. Alafu kuna vituko, mwaka 2020 kituo cha Superbagnères, Ufaransa hukohuko, kilibebewa theluji kwa helikopta kama tani 50 ili watoto na wanaojifunza wapate pa kuteleza. Mashine naweza kuitetea sehemu ya juu penye baridi ya kweli. Helikopta hapana.

Kwenye hesabu ya mlima wenyewe vile vidogo vinageuka kuwa vikubwa. Angalia njia inayopanda kwa kuzungukazunguka, mmoja anaona uvivu wa kona anakata moja kwa moja, wa pili anafuata alama zake, majani yanakufa, mvua ikija inashuka na mstari uleule mpaka mnapata korongo. Matope nayo, watu wanayakwepa pembeni njia inapanuka kila msimu, ni afadhali buti zichafuke upite katikati. Maganda ya chungwa watu wanasema si yataoza tu, kule juu kwenye baridi yanakaa muda mrefu sana. Na kuna ndege wa jamii ya kuku wanaojichimbia ndani ya theluji kubana nguvu wakati wa baridi, mtu akipita nje ya njia iliyowekwa wanashtuka wanaruka, wanachoma akiba ya nguvu ambayo hawana pa kuirudishia. Huyu mtu pengine alikuja kwa treni!

Wapo wanaosema basi tusiende kabisa. Bhutan imepiga marufuku kupanda vilele vyake tangu 2003 na mgeni asiyetoka India analipa dola 100 kwa siku, milima imepumua, ila ni likizo ya wenye hela. Nepal ilichukua njia nyingine, mwaka 2014 ilianza kumtaka anayepanda Everest ashuke na kilo 8 za taka, sheria ililenga taka, haikugusa idadi ya watu.

Mi bado nadhani mzigo mkubwa usiwe wa mgeni. Kituo kinachompa punguzo la tiketi ya lifti aliyekuja kwa treni kinabadilisha watu wengi kuliko mabango mia ya kuzima taa, lakini vituo vingi vinajenga paking kubwa zaidi, wakati basi la mwisho linaondoka stesheni kabla treni ya jioni haijafika.