Rangi nzito haitundikwi kama kalenda

Picha iliyopakwa rangi nzito kwa kisu haimalizwi kutazamwa kwa kusimama mbele yake. Sogea pembeni, weka jicho karibu na ukuta, uangalie sambamba na uso wa kitambaa. Hapo ndipo matuta yanapojitokeza: mahali mchoraji alipokandamiza, mahali alipokwangua akaanza upya, mahali rangi mbichi ilipoburutwa juu ya nyingine mbichi zikachanganyika nusunusu. Kazi yenyewe iko huko. Chumba cha maonyesho kinaweza kuiua, na kifo hicho kinapimika kwa sentimita.

Mtwara ukitaja sanaa, mtu anawaza mpingo. Ni haki, ila mpingo ulikuwa kazi ya wanaume, wanawake wakifinyanga udongo. Ng'ambo ya Ruvuma, huko Msumbiji, Reinata Sadimba, Mmakonde aliyezaliwa mwaka 1945 na kuwahi kuishi Tanzania, alitoka kwenye vyungu akaanza kufinyanga watu na viumbe vya ajabu. Mwanamke anayechora kwa rangi leo hajapata bado nafasi ya namna hiyo. Mara nyingi turubai lake, yaani kitambaa alichochorea, hupewa ukuta wa nyuma ya meza ya vinyago, liwe pazia la kuvipendezesha. Halafu kuna hili linaloudhi zaidi: fundi akipinda pua ya kinyago cha shetani tunasifu ubunifu wake, mwanamke akipinda uso kwa rangi tunauliza kapatwa na nini.

Na si kweli kwamba watu wa huku wanaogopa rangi kali. Nenda Majengo hapa Mtwara, kanisa la Mtakatifu Paulo, ukatazame kuta alizozichora padre Polycarp Uehlein miaka ya 1970. Waumini wamekaa na rangi zile kwa miongo. Tofauti ni kwamba mchoro wa ukutani umefanywa kwa ajili ya ukuta ule na mwanga ule. Turubai linahamahama, na kila linapofika lazima mtu alitafutie mwanga.

Hapa vitabu vya Ulaya vinatupoteza. Vinasema dirisha la kaskazini ndilo bora kwa picha, kwa sababu kwao jua halipiti upande huo. Mtwara iko karibu digrii 10 kusini mwa Ikweta. Kuanzia mwishoni mwa Februari hadi karibu Oktoba 20, jua la saa sita mchana linakuwa upande wetu wa kaskazini. Ukifuata kitabu, unalikaribisha ndani miezi minane. Dirisha letu ni la kusini. Kwa ile miezi minne iliyobaki jua la mchana linakaa karibu na utosi, halivuki digrii 14 kutoka utosini, kwa hiyo upenu wa sentimita 60 unalizuia. Asubuhi na jioni shusha pazia jepesi. Madirisha ya mashariki na magharibi yazibe tu.

Taa nazo zina makosa yake. Balbu moja katikati ya dari inalaza matuta yote, picha inaonekana kama bango lililochapwa. Taa ikiwa mbele kabisa, rangi ya mafuta inang'aa na mtazamaji anaona balbu badala ya picha. Anza na taa inayoshuka kwa digrii 30 kutoka wima, kisha isogeze pembeni kidogo kidogo mpaka kila tuta lipate kivuli chembamba. Kivuli kikianza kufunika rangi ya jirani, umepitiliza, rudi nyuma. Tumia LED yenye CRI 90 au zaidi. CRI ni kipimo cha jinsi taa inavyoonyesha rangi kwa usahihi, namba yake huandikwa kwenye boksi. Taa za bei rahisi zisizo nayo hufanya wekundu uonekane kahawia, na mchoraji ndiye anayelaumiwa.

Kuta za zamani, hasa zile za mawe ya matumbawe na chokaa kama za mji wa Mikindani, ni nzuri kwa macho na mbaya kwa mgongo wa turubai. Zinanyonya maji kutoka ardhini, zinatoa chumvi. Usikisie. Bandika kipande cha nailoni cha sentimita 50 kwa 50 ukutani, ziba kingo zote kwa utepe wa gundi, subiri saa 24. Matone yakiwa upande wa ukuta, unyevu unatoka ukutani, usitundike hapo. Yakiwa upande wa chumba, tatizo ni hewa: feni na madirisha vinatosha. Hata ukuta ukiwa mkavu, picha isiugandamie. Kata vipande vya soli ya kandambili iliyochakaa, bandika kwenye pembe mbili za chini nyuma ya fremu. Hewa inapita, ukungu unakosa pa kuanzia.

Kuhusu idadi, nina msimamo ambao wenye kumbi hawaupendi: chache. Ukuta wa mita 6 unabeba picha tatu za upana wa mita moja, nafasi ya sentimita 75 kila upande. Ya nne ikiingia, zinaanza kupigiana kelele. Katikati ya kila picha iwe sentimita 150 kutoka sakafuni. Kwa picha ya urefu wa sentimita 100, ambayo waya wake wa kutundikia ukivutwa unaishia sentimita 8 chini ya ukingo wa juu, msumari unakwenda 150 jumlisha 50 toa 8, yaani 192. Wengi hutundika juu zaidi, kama kalenda ya dukani, na mtazamaji anaondoka na shingo inayouma.

Mengine ni ya mchoraji mwenyewe. Kitambaa cha marekani kinafaa, lakini kisipakwe rangi ya mafuta kikiwa kitupu. Mafuta ya kitani yaliyomo kwenye rangi hiyo hula nyuzi zake taratibu. Rangi ya maji ya ukutani kama tabaka la kwanza inavutia kwa bei, ila ni ya chaki, ukikunja turubai inapasuka. Rangi ya mafuta juu ya akriliki, yaani rangi ya plastiki inayochanganywa na maji, inashika. Akriliki juu ya mafuta itabanduka kama ganda la kitunguu. Na rangi ya mafuta iliyorundikwa hukauka ngozi kwanza. Tuta nene linaweza kukaa bichi ndani zaidi ya mwaka, kwa hiyo anayepaka vanishi wiki ya ufunguzi ili picha ing'ae mbele ya mgeni rasmi anajitafutia nyufa.

Masika turubai hulegea. Usikimbilie nyundo. Ukigonga kabari za pembe, vile vipande vya mbao vinavyotanua fremu ya ndani, wakati wa unyevu, kiangazi kitambaa kitakaza kupita kiasi na rangi itaanza kupasuka pembeni. Ngoja mvua ziishe.

Lebo ziandikwe Kiswahili, bei ikiwa wazi. Lubaina Himid, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1954 na kushinda tuzo ya sanaa ya Turner huko Uingereza mwaka 2017, amechora akifuata mpangilio wa kanga, maneno yakiwemo. Sisi tunaojua kwamba kanga bila jina haijakamilika tunakubalije picha iitwe "Haina jina namba 4"? Jina la picha, vifaa, vipimo, mwaka. Habari za ndoa ya mchoraji hazihitajiki hapo.

Kisha picha inauzwa, inapanda basi kwenda Dar, na hapa ndipo kazi ya miezi huharibika kwa siku moja. Safari ni zaidi ya kilomita 500, ndani ya buti lenye joto. Akriliki ikipata joto inalainika. Nailoni yenye mapovu ikigusa uso wa picha itaacha alama za duara kila mahali, na hazifutiki. Weka vipande vya mbao vinavyosimama juu kuliko tuta refu zaidi, angalau sentimita 2, kwenye pembe nne. Juu yake kadibodi ngumu, isiguse rangi. Nailoni ije mwisho, nje ya kadibodi, na uandike upande wa kusimamisha kwa herufi ambazo utingo ataziona gizani.