Bastola ya mzungu wa karanga

Mjomba wangu wa Kongwa ana bastola ya upepo, zile za kulengea shabaha, inakula virisasi vya milimita 4.5, na ukoo mzima tumekua tukiambiwa babu alipewa na mzungu wa karanga, wale Waingereza waliokuja 1947 na matrekta kulima karanga wakakutana na mibuyu na ardhi ngumu kama zege, 1951 wakafunga virago. Sasa mjomba kapata mteja, mwalimu mstaafu wa historia kutoka Dodoma mjini anayekusanya vitu vya kale, bei laki nane ila athibitishiwe umri kwanza. Nikaitwa mimi eti kwa sababu nina simu kubwa.

Basi tuko chini ya mkwaju, nasugua kutu kwa mswaki na mafuta ya taa, mwalimu kavaa miwani, bibi anachambua mlenda. Likatokea jina DIANA na ile picha ya mwanamke anayetupa upinde huku kainua bunduki juu. Pembeni herufi F ndani ya umbo la pembe tano, afu neno Germany.

Mwalimu akauliza, "Si ulisema Mwingereza?"

"Alimnyang'anya Mjerumani vitani!" Mjomba hata hakupepesa.

Nikamwambia mjomba ile F Wajerumani walianza kuigonga kwenye bunduki za upepo miaka ya 70. Akaninyamazisha kwa jicho. Nikasugua tena, hapo ndo ikatoka 05 78, yani mwezi wa tano 78, Diana wana kawaida ya kugonga tarehe.

"1878! Bei imepanda!"

Mwalimu akacheka mpaka miwani ikadondoka. "1878 Mjerumani hajaanza kutawala huku bwana, Carl Peters kaja 1884."

Mjomba akawaza kidogo. "Ahaa, 1978! Basi baba aliipata Vita ya Kagera."

Bibi hata hakuinua kichwa. "Baba yako tulimzika 74. Hiyo kaileta fundi baiskeli, akakopa debe la karanga, mpaka leo hajalipa."

Jamani. Mwalimu anafuta machozi, mjomba naye kaona laki nane inayeyuka, akaamua kuonyesha kwamba walau inapiga. Hiyo ni modeli 6, ndani ina pistoni mbili, moja inaenda mbele nyingine nyuma ili isirushe mkono, fundi mzuri sana aliyewaza hivyo, tatizo washa za kuziba hewa za enzi hizo zikizeeka zinageuka unga. Akaikunja, akaweka kirisasi, akalenga kopo, watoto wakakimbia nyuma ya banda la mbuzi, mwalimu akajificha nyuma ya mkwaju.

Pruuu.

Kirisasi hakikutoka. Zikatoka chengachenga za kahawia zikatua kwenye mlenda wa bibi.

"Imejamba!" watoto wakapiga kelele.

Mjomba akaipangusa na shati, akamgeukia mwalimu, sura kavu kabisa, "Kwa hiyo tuseme laki saba na nusu?"