Nusu ya Kichwa Changu na Ukumbi wa New York

Naandika haya nikiwa nimevaa baraghashia ndani ya nyumba yangu mwenyewe, wala sijajiandaa kwenda msikitini. Upande wa kulia wa kichwa changu umenyolewa vizuri kabisa, upande wa kushoto una nywele za tangu mfungo, na chanzo cha yote ni ukumbi wa michezo na muziki ulioko New York, Madison Square Garden, ambao sijapata kuutia machoni.

Mengine ningeyavumilia. Bodaboda aliyenipeleka Mwanga, hapa Kigoma, hakuwa na chenji, na bei ya samaki wa mgebuka sokoni niliiuliza nikaenda zangu. Lakini kinyozi wangu, kijana mwenye adabu na shikamoo za kutosha, ana ugonjwa mmoja: mdomo wake ukifanya kazi, mikono inapumzika. Alikuwa ameisoma historia ya ukumbi huo kwenye simu, na mtu wa kwanza kukikalia kiti nikawa mimi.

“Mzee, unajua ule ukumbi umejengwa mara nne?” Akazima mashine ili nimsikie vizuri.

Wa kwanza, akasema, ulipewa jina hilo mwaka 1879, mahali palipokuwa stesheni ya reli, nao haukuwa na paa. Nikamwambia kwamba pasipo na paa ni uwanja, aendelee kunyoa. Akanyoa mstari wa upana wa vidole viwili, kisha akafika kwenye jengo la pili, la mwaka 1890, lililochorwa na Stanford White, lenye mnara mrefu na sanamu ya Diana, mungu wa kike wa Warumi, kileleni. Kwa kuwa Diana huyo hakuwa na nguo, kijana alishusha sauti kwa heshima ya umri wangu, halafu akamweleza kwa kirefu kuliko alivyoueleza mnara wenyewe.

Mwaka 1906, juu ya paa la jengo hilohilo, onyesho likiendelea, tajiri mmoja aitwaye Harry Thaw alimpiga White risasi akamuua, kwa ugomvi uliomhusu mke wa Thaw. Jambo hilo lingeweza kusimuliwa kwa mdomo tu. Kinyozi aliona ni lazima aliigize, na bastola aliyokuwa nayo ilikuwa mashine ya kunyolea, na kisogo kilichokuwa karibu kilikuwa changu. Waliokuwa kwenye benchi wakapiga makofi, mmoja akaomba irudiwe, nayo ikarudiwa.

Kampuni ya bima iliyokuwa ikilidai jengo hilo ikalivunja mwaka 1925, na mwaka huohuo Tex Rickard, mwandaaji wa ngumi, akasimamisha la tatu mtaa mwingine kabisa, kwa siku 249. Nikamuuliza kijana, kwa upole uliobaki, kichwa kimoja kinahitaji siku ngapi. Hakunijibu, kwa sababu alikuwa ameshafika mwaka 1962 na anaimba, kwa niaba ya mwigizaji Marilyn Monroe, ule wimbo wa siku ya kuzaliwa aliomwimbia Rais Kennedy humo.

Jengo la nne ndilo lililonitoa kwenye ustaarabu. Mimi ni mstaafu wa reli. Kumbe huko New York kulikuwa na stesheni ya Pennsylvania, jengo la mawe lenye nguzo za fahari, lililofunguliwa mwaka 1910. Mwaka 1963 wakaanza kulibomoa, treni zikabaki zinapita chini ya ardhi, na juu yake wakaweka ukumbi wa duara, uliofunguliwa mwaka 1968. Hapa Kigoma reli ilifika mwaka 1914, stesheni waliyotujengea Wajerumani bado imesimama, na hajatokea mwehu wa kusema juu yake tuweke ulingo! Maneno hayo niliyasema nimesimama, kitambaa shingoni, na ndipo umeme ulipokatika.

Akadai bei kamili. Hoja yake ilikuwa kwamba nusu iliyobaki ataimalizia umeme ukirudi, na kwamba historia hakunitoza.

Kinachonikosesha usingizi sasa ni usiku wa tarehe 8 Machi 1971, bondia Joe Frazier alipomwangusha Muhammad Ali humo ukumbini raundi ya 15 na kushinda kwa pointi, mbele ya watu 20,455. Watu wote hao wakiinuka kwa pamoja huko juu, msafiri aliyeko chini anasikiaje tangazo la treni yake? Nimetangaza treni miaka mingi katika stesheni isiyo na bondia hata mmoja darini, na abiria walikuwa bado wanakuja dirishani kwangu kuuliza, “Samahani mzee, ya Dar imeshaondoka?”, huku wameiegemea.