Picha ndogo za jangwa na jina la Wanavajo

Mchoraji wa picha ndogo akitafuta mada itakayokaa kwenye karatasi ya ukubwa wa kiganja, haichukui muda kufika nchi ya Wanavajo, wenyeji asilia wa Marekani, kule Arizona, New Mexico na Utah. Rangi za ardhi ni chache na zimekolea, majabali yamekatika wima, na mazulia yana mapambo yenye kingo kali. Guashi, ile rangi nzito ya maji inayofunika karatasi kabisa, inaipenda mada kama hiyo. Picha zinachorwa, zinauzwa kama kazi "za mtindo wa Kinavajo", kisha ugomvi unaanza. Wanavajo wenyewe wanalalamika, wachoraji wanajibu kwamba sanaa haina mwenyewe.

Wachoraji hawakukosa hoja, na iliyo nzito kuliko zote iko ukutani, Ganado, Arizona. Mfanyabiashara John Lorenzo Hubbell, aliyenunua mazulia ya Wanavajo kwa miaka mingi, aliwaagiza wachoraji wageni, akiwamo Elbridge Ayer Burbank, wamchoree nakala ndogo za mitindo ya mablanketi. Akazitundika dukani, mteja alichagua picha, mfumaji akafuma zulia. Nyingi bado zimetundikwa palepale, na duka lenyewe sasa ni eneo la kihistoria linalolindwa na serikali. Ufumaji nao Wanavajo waliupata kwa majirani zao Wapueblo, na uhunzi wa fedha kwa mafundi wa Kimeksiko. Dorothy Dunn, mwalimu mzungu, alifungua darasa lake la uchoraji katika shule ya Santa Fe Indian School mwaka 1932, na humo vijana wa Kinavajo kama Harrison Begay walijifunza kuchora wafugaji, farasi na wafumaji kwa rangi bapa. Anayedai kwamba sanaa hii haijawahi kuguswa na mgeni hajui historia yake.

Hayo yote ni kweli, ila hayajibu lalamiko lenyewe, kwa sababu lalamiko lenyewe halisikilizwi. Watu hudhani Wanavajo wanakataza jangwa lao lisichorwe; wanachokataa ni kazi ya mgeni kuuzwa kwa jina lao. Sheria ya Marekani ya mwaka 1990 kuhusu sanaa za wenyeji asilia inakataza jambo moja tu: kuuza kitu kwa namna inayomfanya mnunuzi aamini kimetengenezwa na mwenyeji asilia wakati sivyo. Kondoo hakatazwi mtu kumchora. Mtu binafsi, kwa kosa la kwanza, anaweza kutozwa faini hadi dola 250,000 na kufungwa hadi miaka 5. Tangu marekebisho ya 2010, bidhaa zisizofika dola 1,000 zina fungu lake, faini hadi dola 25,000 na kifungo hadi mwaka 1. Picha nyingi ndogo zinaingia fungu hilo la pili, ambalo bado si la mchezo. Jina "Navajo" ni alama ya biashara iliyosajiliwa, na mwaka 2012 taifa la Wanavajo liliishtaki kampuni ya Urban Outfitters kwa kulibandika kwenye nguo na hata chupa ya pombe. Shauri lilimalizika kwa makubaliano mwaka 2016. Anayekumbuka kelele zilizopigwa Kenya pale kampuni ya Uingereza ilipotaka kusajili jina la kikoi hahitaji kuelezwa uchungu wa jambo hili.

Uzito zaidi uko kwenye michoro ya mchanga. Hii hufanywa na mganga sakafuni, ndani ya nyumba ya jadi iitwayo hogan, wakati wa tiba. Mgonjwa hukalishwa juu yake, na siku hiyohiyo mchoro unafutwa. Hosteen Klah, aliyekuwa mganga na mfumaji, alipoanza kuitia michoro hiyo kwenye mazulia mwaka 1919, wenzake waliogopa madhara yatakayomfika. Leo maduka yanauza michoro ya mchanga iliyogandishwa kwa gundi kwenye mbao, tena iliyotengenezwa na Wanavajo wenyewe, na mchoraji mgeni huuliza: kama wao wanauza, mimi nimekosa nini? Amekosa ujuzi wa kuharibu kwa makusudi. Mtengenezaji wa Kinavajo hubadili rangi, hupunguza kiumbe au hugeuza mpangilio, ili anachouza kisiwe kile cha tiba. Mgeni anayenakili kutoka kwenye picha kitabuni hajui cha kubadili, kwa hiyo anaweza kuuza sawasawa kile ambacho wenyewe wamejihadhari wasikiuze. Wale viumbe watakatifu warefu waitwao Yei, wanaopendwa sana kwenye picha ndogo kwa sababu wanatambulika upesi, ndio wa kuachwa kwanza.

Hapo ndipo udogo wa picha unapoingia kwenye kesi, na wachambuzi wengi huuruka. Chukua zulia la sentimita 120 kwa 180, ulichore kwa sentimita 6 kwa 9. Umelipunguza mara 20. Zulia la kawaida lenye nyuzi 4 za mtande (zile zinazosimama wima) kwa kila sentimita lina milimita 2.5 kati ya uzi na uzi, na mstari wa mshazari kwenye kitanda cha kufumia hupanda kwa kuruka nyuzi hizo, ndiyo maana kingo zake zina ngazi. Kwenye karatasi yako ngazi hiyo imekuwa milimita 0.125. Brashi namba 000 mikononi mwa stadi hutoa mstari wa kama milimita 0.3. Ngazi haichoreki. Utachagua ama mshazari laini, unaofanya zulia lionekane kitambaa cha kiwandani, ama ngazi nene za milimita 1, ambazo kwenye zulia halisi ni sentimita 2, yaani nyuzi 8. Ngazi pana za namna hiyo zipo kwenye baadhi ya mablanketi ya zamani, lakini ukizitia kila mahali mazulia yote yanakuwa zulia moja, na zulia la aina ya Two Grey Hills, lenye kahawia na kijivu cha sufu isiyotiwa rangi na mshindio (nyuzi zinazopita kwa ulalo) unaoweza kuzidi nyuzi 30 kwa sentimita, halionekani tena. Picha za Hubbell hazikuwa na tatizo hili, kwa sababu aliyezisoma alikuwa mfumaji: ngazi zilizopotea kwenye karatasi alizirudisha yeye kwa mikono yake, akalipwa ujira wa zulia (kwa utaratibu uliompendelea zaidi mwenye duka, hilo lisemwe). Mnunuzi wa picha ndogo ya leo hana cha kurudisha.

Dawa imo ndani ya fani yenyewe. Vyama vingi vya picha ndogo hutaka eneo lisizidi inchi 25 za mraba na kitu kisizidi sehemu ya sita ya ukubwa wake halisi. Chora kwa sita hiyohiyo kamili: ngazi inakuwa milimita 0.4, na brashi inaiweza. Sentimita 9 za karatasi zitabeba sentimita 54 za zulia, pembe moja tu, lakini pembe ya kweli. Tumia karatasi laini ya gramu 300 kwa mita ya mraba. Usipake nyeupe juu ya nyekundu, kwa kuwa guashi huyeyuka tena ikiguswa na maji nawe utapata waridi. Pakanisha vipande ubavu kwa ubavu, rangi ikiwa nzito kama mtindi. Ikizidi unene hupasuka, ikizidi maji hubaki unga unaofutika kwa kidole. Rangi nyepesi hukauka zikakolea, za giza hukauka zikapauka, basi jaribu kwanza kwenye kipande cha karatasi ileile.

Kuhusu maisha ya jangwani, makosa hurudiwa yaleyale. Ile dungusi kubwa yenye mikono, saguaro, ni ya jangwa la Sonora upande wa kusini. Nchi ya Wanavajo ni uwanda wa juu wenye misonobari mifupi na mireteni, na theluji huanguka. Mlango wa hogan hutazama mashariki, kwa hiyo jua la machweo likiangaza mlangoni picha imejikana yenyewe. Na nchi hiyo si tupu. Karibu theluthi moja ya nyumba hazina maji ya bomba, hivyo pikapu yenye tangi la maji nyuma ni sehemu ya mandhari kuliko tai yeyote. Magenta na zambarau kali za machweo pia zikague kabla ya kununua, kwani baadhi hupauka haraka kwenye mwanga; nyekundu na manjano za udongo hudumu.

Wapo Wanavajo ambao hata pembe hiyo ya zulia hawataipenda, na wapo ambao hawatajali. Kwa mchoraji, kazi iliyobaki iko nyuma ya fremu: guashi juu ya karatasi, mahali, mwaka, jina lake mwenyewe, na kama zulia ni la mfumaji aliye hai, ruhusa iombwe kabla ya penseli kugusa karatasi, na jina la mfumaji liandikwe juu ya la mchoraji.