Mawese ya Kyela na alizeti: ubishi hauishii kwenye dumu

Juni na Julai, baridi ikikaza Mbeya, dumu la mawese kutoka Kyela huamka limeganda, unachota kwa kijiko. Chupa ya alizeti iliyo pembeni yake iko majimaji. Basi wapenzi wa alizeti hapo hapo watakuambia: "Kama yanaganda kwenye dumu, kwenye mishipa yatashindwaje?"

Mafuta hayaingii kwenye damu jinsi yalivyotoka dumuni. Utumbo huyavunjavunja kwanza. Lakini hofu yenyewe ina mashiko. Kinachoyagandisha ni mafuta yaliyoshiba, ambayo ni kama nusu ya mawese yote, wakati kwenye alizeti hayazidi sana sehemu moja ya kumi. Ukiyala kwa wingi yanapandisha lehemu (kolesteroli) mbaya, ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linashauri yasizidi asilimia 10 ya nguvu tunayopata kwenye chakula. Na yale maandishi ya "hayana lehemu" kwenye chupa yasikubabaishe: hakuna mafuta ya mimea yenye lehemu ya kutajika, mawese yakiwemo. Ni biashara tu.

Watu wa Kyela nao wana lao. Ule wekundu una karotini, ambayo mwili huigeuza vitamini A. Kwa mtoto ambaye sahani yake ni ugali na majani ya maboga, kijiko cha mawese ni lishe kweli. Tatizo ni wanaoyaunguza jikoni mpaka yapauke ili harufu ipungue. Wekundu ukishapotea, sifa hiyo nayo imekwenda, mafuta yaliyoshiba yamebaki palepale. Mawese yaliyosafishwa kiwandani yakawa ya njano nayo ni hivyo hivyo.

Mambo yanageuka ukifika kwenye karai la chipsi. Mafuta ya alizeti ya kukamua kwenye mashine zetu za mtaani bila kusafishwa hutoa moshi mapema. Yakichemka kutwa nzima huku yakiongezewa tu juu, huharibika upesi: yanakuwa meusi, mazito, yanatoa povu. Mawese hustahimili moto kwa sababu ileile inayoyagandisha asubuhi. Kwa hiyo chupa inayoshinda nyumbani inaweza kushindwa kibandani. Ila mwenye kibanda akimwaga mafuta kila siku faida yake inakwenda nayo, na mteja hataki kuongezewa bei ya sahani. Sioni aina ya mafuta itakayotatua hilo.

Mimi kwenye nyumba yenye mgonjwa wa moyo ningeweka alizeti, tena kidogo, kwa moto wa wastani. Kwenye mboga za watoto ningetia mawese mekundu dakika za mwisho. Kipimo ndicho kinachosahaulika: gramu moja ya mafuta, yawe ya nani, ina kalori 9, wakati ya wanga ina 4. Kipimo cha koroboi moja ya mafuta kwenye sufuria ya watu watatu si jambo dogo.

Parachichi halitajwi kwenye ubishi huu, nalo limejaa mafuta laini yanayoufaa moyo. Yakikamuliwa bei yake si ya jikoni kwetu, lakini msimu ukifika Rungwe na Njombe, tunda lenyewe mtu wa kawaida analimudu.